Matumizi: Hakuna

Nilipelekwa Makangale na mbao mbili, mikanda miwili
na rundo la magazeti ya mwaka jana,
nikusanye majani na maua yake, niyabane yakauke,
chini yake niandike: jina, mahali, udongo, matumizi.

Bi Mkasi Shaame alikubali kunitembeza
kwa sharti kwamba mundu niubebe mimi.
Yeye mikono yake ilikuwa na kazi:
alitembea akisuka ukili,
hatazami vidole, hatazami njia.

"Huu mkindu. Kata kinda, moyo uache.
Ukiukata moyo, umekata mikeka ya wajukuu."
Niliandika.
"Huu mtondoo. Mbegu zake ziliwaka taa
kabla mafuta hayajaja na bei yake."
Niliandika.
Tulipotokea kwenye tope la pwani
aliubandua mkandaa gome, kipande cha kiganja tu,
akanusa kama anunuaye samaki.
"Uchemshe na ukindu. Wekundu wake hauna haraka,
lakini ukiingia haufui mtu."

Kirukia nilikiona mimi, juu ya mdimu wa watu.
"Hicho hakina mizizi," akasema, "kina jamaa."
Na mkarafuu uliosimama peke yake ukingoni mwa msitu:
"Mgeni. Alikuja kuoa,
sasa yeye ndiye anayegawa urithi."
Nilicheka, nikasahau kuandika udongo.

Kisha mtambaazi mmoja, shina la miiba,
majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja.
Ukili ukasimama mkononi mwake.
"Na huu, Bi Mkasi?"
"Kwekwe."
"Kazi yake?"
"Hauna."
Jina: kwekwe. Matumizi: hakuna.
Nikaubana baina ya matokeo ya mpira
na tangazo la nyumba ya kupangisha Chake Chake.

Usiku, kwake, nilizitandaza karatasi mkekani zipate hewa.
Mjukuu wake Kidawa, miaka saba,
alitambaa juu yake akitaja alichokijua,
mkindu, mkandaa, mdimu,
akafika kwa ule wa miiba.
"Bibi, mbona kaibana chochoni yetu?"

Palikuwa na sauti ya sufuria tu.
Bi Mkasi alipunguza moto, akakaa.

"Mwaka wa njaa mama aliichimba kwa kijiti.
Akaimenya, akaikata nyembamba hivi, kama ukili,
akaitia kikapuni, akakizamisha kijitoni,
maji yaendayo, si yaliyolala.
Siku tatu. Si mbili.
Siku ya kwanza sumu hata haijui kuwa yafukuzwa.
Tulikuwa watoto saba.
Sita tulingoja."

Kidawa aliuliza wa saba ni nani.
"Kombo," akasema. "Alikuwa mwepesi wa miguu."

Kisha akaniashiria karatasi kwa kidevu.
"Hapo pako pa kuandika kazi.
Pa kuandika siku pako wapi?
Ukiandika 'chaliwa', atakuja kusoma mtu mwenye njaa.
Mwenye njaa husoma neno moja."

Sikuwa na la kujibu. Fomu hiyo
ilitungwa na watu walioshiba, mimi nikiwa mmoja wao.
Nilikula ugali wake na mchicha, nikanawa,
nikaichukua penseli.

Kwekwe nikaikata, juu yake nikaandika chochoni.
Hakuna nikaikata pia, na pembeni, mpaka ukingo wa karatasi:
Usile. Muulize Bi Mkasi Shaame, Makangale,
nyumba ya pili ukipita kisima.
Nenda na siku tatu.

Nilimsomea. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Na nikifa?"

Nilimpa Kidawa penseli.
Aliandika jina lake chini ya la bibi,
ulimi nje, polepole,
herufi ya d ikiwa imegeuka kisogo.
Sikuisahihisha.