Pendekezo la Nne

Jumamosi, darasa la shule Makorora,
tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu:
maafisa ustawi kumi na mmoja, mawakili watatu,
na Kihiyo, daktari wa meno, kachelewa,
koti linanuka mafuta ya karafuu.
Akidi imetimia. Nimeandika.

Waraka wa chama unapanda basi la Dodoma Jumatatu.
Ukurasa mmoja na nusu, asema mwenyekiti;
wakubwa huchoka wakifika wa pili.
Basi tukafuta "kwa heshima na taadhima".
Neno "tunaomba" likatumalizia nusu saa.
Semkiwa ataka "tunataka".
Bi Shelukindo kavua miwani:
mkono mtupu haulambwi, wakili. Wetu una nini?

Una Hizza, nikasema.

Hizza wa Mabokweni, nyaya za shaba begani.
Kaunta ikamuuliza umri, akajibu alivyofunzwa nyumbani:
mwaka wa mvua iliyobeba daraja.
Kalamu haina mahali pa kuandika mvua.
Ikampima kimo, ikampima mabega
yaliyokomazwa na mifuko ya saruji,
ikaandika moja, ikaandika nane.
Miezi saba alilala katikati ya wanaume,
viatu chini ya kichwa.
Vikaibwa hata hivyo.

Kihiyo akasimama, dawati likalia.
Kinywa nilikifungua mwenyewe, alisema.
Gego la mwisho halijatoboa ufizi.
Mtoto yule. Meno hayaogopi askari.

Ndipo tukapata pendekezo la nne:
Umri wa mtoto usikadiriwe kwa macho.
Maneno sita. Bwana mmoja akataka kuongeza
"isipokuwa pale itakapolazimu";
Bi Shelukindo akaifunika karatasi kwa kiganja
mpaka yule bwana akaketi.
Muhuri ulikuwa umekauka wino,
nikauamsha kwa tone la chai.

Dodoma walijibu: waraka wenu umepokelewa.
Mwaka wa tatu huu, umepokelewa.
Kila mkutano tunausoma upya, tunaongeza majina;
chini ya Hizza wapo tisa.

Jana Mgandini, kwenye mafungu ya dagaa,
kijana mrefu kanishika mkono, shavu limevimba.
Gego, katibu, akasema. Linaota.
Akacheka kwa upande mmoja.
Kumi na saba hivi, nikawaza,
kisha nikashtuka:
nimemkadiria kwa macho.