Dumu

Dumu la lita tatu, rangi ya chungwa,
limekaa katika friji kati ya maziwa na siagi,
jina langu ubavuni: Mwanakheri Shekue,
kuanza: saa moja na robo asubuhi.
Shemeji alifungua mlango, akaufunga polepole
kama mtu aliyekuta wakubwa wanavaa.

Saa ishirini na nne, kila tone.
Mkojo wa kwanza wa leo unamwagwa,
wa kwanza wa kesho unawekwa.
Muuguzi alirudia mara mbili; watu hukosea hapo.
Nje, Saskatoon imeganda mpaka mtoni.

Miaka minne nimebeba kitu kisicho na jina.
Huja nikikunja shuka, nikiinama kufunga kiatu,
siku moja nikiwa nimesimama tu foleni ya benki:
moyo unagonga kama mdai mlangoni,
kichwa kinatokota,
jasho, na kwenye kope zangu theluji bado.
Robo saa. Kisha kimeondoka,
hakikuacha hata unyayo.

“Wasiwasi,” alisema daktari wa kwanza.
“Umri,” alisema wa pili, akatabasamu.
Dada Tunu, kwa simu kutoka Pangani:
“Hicho ni kitu cha ukoo. Kinataka ubani.”

Hrynchuk, wa tatu, hakutabasamu.
Akapima presha nimelala, akapima nimesimama.
Kichwa, jasho, moyo: vinakuja pamoja?
“Mara nyingi,” akasema, “ni wasiwasi kweli.
Mara chache mno, siyo.
Tuitafute hiyo mara chache.”

Dumu likasema. Picha ikaonyesha:
juu ya figo la kushoto, tezi
kama kofia iliyovaliwa upande,
na ndani yake uvimbe wa sentimita nne.
Si saratani, anavyoona, ingawa aina hii hauapiwi.
Kazi yake moja: kumwaga hofu katika damu.
Nikacheka pale pale kitini.
Miaka minne naogopa,
na hofu yenyewe haikuwa yangu.

Haukatwi kwa pupa. Ukiguswa haujaandaliwa
humwaga ghala lake lote mezani.
Kwanza vidonge vya kulegeza mishipa,
pua ikaziba, sakafu ikayumba kila nilipoinuka.
Cha kutuliza moyo kingoje; kikitangulia, balaa.
Na maji. Na chumvi, wakasema, ongeza chumvi!
Kwa wiki tatu nimekula chumvi nyingi
kuliko bibi yangu kwa miaka tisini.

Swali la mwisho kabla ya kisu:
kwenu, kuna aliyekufa ghafla?

Baba mdogo Hemedi.
Alikwenda kupasuliwa ngiri, jambo la asubuhi moja,
nguo zake za kurudia zimepigwa pasi.
Hakuamka.
Tulimlaumu daktari, tukamlaumu jirani,
mke mdogo alihama mji kwa maneno yetu.
Hrynchuk aliandika, kalamu ikasimama kidogo,
akaomba chupa nyingine ya damu,
hiyo ya kusomwa herufi kwa herufi.

Matundu manne tumboni, yamepona.
Nimempigia Tunu: ulisema kweli, ni cha ukoo.
Weka ubani chini. Nenda kapime.
Na yule mama, mtafuteni.

Kila Januari dumu litarudi,
nami nitalijaza maisha yangu yote.
Dumu: ndilo neno tunalowaombea maharusi.
Shemeji ameshajua.
Anasogeza maziwa, analipisha.