Meno Kumi na Matatu

Bukuru aliirudisha Bitale ikiwa imezima,
ikiteremka yenyewe kama mbuzi aliyefukuzwa shambani,
gunia la dagaa bado limefungwa nyuma
na paka wawili wakilifuata kwa adabu.
"Mlima wa Kalinzi umeniharibia pikipiki."
Nikanusa. Klachi iliyoungua ina harufu yake,
nywele na karanga kwenye kikaango kimoja.
Mlima hauna kosa, Bukuru.
Chombo hiki kilifungwa Ujiji, kwenye tambarare,
kikafundishwa kukimbia. Kupanda hakikufundishwa.

Nikamwaga oili, nyeusi kama chai ya msibani.
Nikafungua kava, boliti baada ya boliti,
nikazipanga juu ya kifuniko cha ndoo,
maana boliti ndefu ikiingia tundu fupi
utanirudia, na siku hiyo hutanisalimia.
Plate tano. Zimelika, zinang'aa kama visahani vya wageni.
Hapo ndipo nguvu ilipokuwa inapotelea:
injini inapiga kelele, tairi halina habari,
kama mkutano wa kijiji kuhusu bomba la maji.

Plate mpya. Springi nne ngumu, za kazi,
na chini ya kila moja washa nyembamba.
Sproketi ya mbele ya meno kumi na tano nikaing'oa,
nikaweka ya kumi na matatu.
"Mbio zitapungua," nikamwambia.
"Mwandiga kwenye lami watakupita hata wenye baiskeli,
ila kona za Kalinzi hutashuka kusukuma."

Akakaa. Akavuta klachi.
Haikuja.
Akavuta tena, mpaka meno yake mwenyewe yakaonekana.
Ndipo nikautazama ule mkono wa kushoto
unaonipungia barabarani mwaka mzima:
vidole vitatu.
Viwili vililiwa na mashine ya kukamua mawese
akiwa darasa la sita, siku ambayo, anasema,
mafuta yalitoka mengi kuliko siku zote.

Nilikuwa nimetengeneza klachi ya mlima.
Klachi ya Bukuru nilikuwa sijaigusa.

Usiku huo niligeuka geuka kitandani.
Ukilegeza springi, mlima unakucheka.
Ukikaza, mkono unagoma.
Kati yake pana njia ya upana wa ukucha
na mimi nimelipwa nusu.

Asubuhi nikaenda kwa Ntahondi mchomeleaji,
tukakata kipande cha nondo, sentimita tatu,
tukaurefusha ule mkono mdogo
unaovutwa na waya pale ubavuni mwa injini.
Mkono mrefu hauombi nguvu nyingi,
muulize anayebingirisha gogo kwa mtaimbo.
Waya nikaupaka grisi, nikauacha ucheze
unene wa sarafu ya mia, basi.
Bukuru akavuta kwa vidole vyake vitatu.
Akaachia. Akavuta. Hakusema kitu,
akawa anafanya hivyo tu,
kama mtoto aliyeonyeshwa swichi ya taa.

Tukapanda wote, mimi nyuma, juu ya dagaa.
Kona ya kwanza, ya pili, ile ya mawe mekundu.
Kupita Kalinzi baridi ikaingia mikononi mwa shati
na injini ikaanza kukohoa moshi mweusi.
Huku juu hewa ni chache, petroli ni ileile:
ugali wa harusi kwa nyumba ya watu watatu.
Nikashuka, nikabadilisha jeti kwa ndogo, kando ya mibuni,
mvulana mmoja akinishikia bisibisi na kuuliza
kama naye anaweza kuwa fundi.
Nikamwambia kwanza ashike vizuri.

Ile nusu ya pesa sijaiona mpaka leo.
Ila jioni, nikiwa nanawa mikono kwa petroli,
nasikia gia ya pili pale kwenye kona:
sauti inapanda, tairi linapanda, pamoja,
na katikati, gia zinapopokezana,
kimya kidogo cha vidole vitatu.