Tarehe Ishirini na Tano

Miaka tisa niliandika juu ya marobota:
daraja, uzito, namba ya mkulima.
Brashi moja, kopo moja la wino mweusi,
ghala namba tatu, nyuma ya reli,
na harufu ya tumbaku iliyonifuata
mpaka kwenye chai ya nyumbani.

Hakuna aliyezisoma zile herufi kama herufi.
Walisoma kilo.
Mimi S nilikuwa naipa shingo ya korongo,
R naivuta mguu kama mtu anayepanda baiskeli,
kisha lori linapakia
na S yangu inakwenda Morogoro kuchanwa kwa kisu.

Barua ya kuacha kazi ilikuwa mistari mitatu.
Niliiandika mara nne,
kwa kuwa nafasi baina ya maneno zilikataa kulingana.
Bwana Kapela aliisoma amesimama.
"Mwandiko mzuri," akasema. "Utakula mwandiko?"
Nikajibu nitakula,
na sijui kama nilijibu au niliapa.

Nyamizi hakulia, hakucheka.
Alifungua daftari la matumizi,
akakata king'amuzi, akakata sukari nusu,
akauliza kopo la rangi ya mafuta ni shilingi ngapi.
Mwaka ule sikuambiwa neno la mapenzi kuzidi hilo.

Mteja wa kwanza: Mama Kalunde, mashine ya kusaga, Isevya.
Alitaka ukutani, kwa nyekundu:
KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA.
Siku mbili juu ya ngazi ya kuazima,
unga ukinitua kichwani mpaka nikazeeka.
M ya MATANGA niliitandaza,
ikakaa chini kama mfiwa mkekani.
Mama akarudi nyuma hatua sita, akatazama.
"Kazi ipo," akasema.
"Pesa njoo Jumamosi."

Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Ng'ambo.
Jumamosi akanipa nusu, na debe la dona.
Tulikula mwandiko, Bwana Kapela.
Tuliula na nsansa iliyoungwa karanga.

Nimekosea pia, acha niseme.
Kanyenye, mlango wa Mosi: KINYOI.
Watoto wa shule ndio walioona.
Z nikaibana katikati, nyembamba,
kama aliyechelewa kwenye benchi la zahanati.
Mosi sasa anaitwa Zedi,
na hajaamua kama anidai au anishukuru.

Lakini kuna tarehe ishirini na tano.
Miaka tisa, saa nne asubuhi,
simu ilitetemeka mfukoni: mshahara.
Mkono bado unaijua siku hiyo.
Unakwenda wenyewe mfukoni
kama ulimi unavyokwenda kwenye pengo la jino.
Kimya.
Kisha inatetemeka kweli, naitoa upesi,
kumbe ni kampuni ya simu,
inanipa dakika ishirini za kuongea usiku.

Juzi Bwana Kapela ameniita.
Kibao cha getini, futi nne kwa mbili,
nyeupe juu ya buluu. Malipo taslimu.
Nje walikaa vijana na bahasha za kaki,
wakazitazama herufi zikizaliwa moja moja.
H, A, K, U, N, A.
"Hakuna kulala," mmoja akabashiri, wakacheka.
N, A, F, A.
Wakaacha kucheka.
Sikuikwepa hata herufi moja. Nilihitaji ile pesa.
K ya KAZI niliichora polepole kuliko zote,
nzuri, Mungu anisamehe, nzuri kabisa.

Waliondoka wakijipangusa vumbi la makalio.
Akabaki mmoja, mwembamba, bahasha kwapani.
Hakuuliza lini kutakuwa na nafasi.
Aliuliza, "Hiyo brashi ni namba ngapi?"

Nane, nikamwambia. Shika kopo,
usilitikise.
Sikumwambia habari za tarehe ishirini na tano.