Mujinga Asugua Majiwe

Wajukuu wao wako Ubelgiji.
Mimi ndiye ninayewasugua majina
kwa ndoo ya maji na brashi ya viatu.
Vumbi la Lubumbashi ni jekundu, halichoki.

Habib, huyu sikuuliza: mahabubu.
Hakim nusura nimpigie saluti.
Benatar ni mwana wa muuza marashi,
aliniambia Madame Rashel, wa mwisho kubaki.
"Na Soriano ni mji, binti yangu, Soria,
mji uliotufukuza. Nyumba walichukua.
Jina halitozwi ushuru mpakani."

Kisha akauliza langu.
Mujinga.
Akacheka, akajiziba mdomo,
na miaka hamsini ya Kiswahili cha sokoni.
Si mjinga, Madame. Kwa Kiluba
ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzonga shingo:
kamba ya kumnyonga,
akatoka nayo kama mkufu.
Alinyamaza mpaka chai ikapoa.

Leo nasugua la kwake, Hasson.
Maana yake hakuwahi kuniambia.
Mchongaji wa mtaa wa Kenya kaweka S moja;
ya pili nimeiandika kwa chaki.
Mvua ikinyesha nitaandika tena.