Moto Usiozaa Jivu

Miaka kumi na tisa mama alifungasha waridi
katika chumba baridi kule Embakasi,
nyuzi nne za joto, koti la kazi limechakaa viwiko,
maua yakisubiri ndege, yeye akisubiri saa nane.
Alipostaafu walimpa thermosi na cheti,
Nyanchama, herufi moja imekosewa.
Ile baridi hawakuidai. Alikuja nayo nyumbani
ndani ya magoti, ndani ya vifundo vya vidole,
na kila Julai huamka kabla yake.

Ndiyo maana niko Gikomba Jumamosi asubuhi
nanusa mbao.
Mutinda anasifu msonobari; mimi nataka mwerezi.
"Unatengeneza nini?"
Sanduku, namwambia. La mama.
Ananitazama, anavua kofia,
anapunguza mia tatu kwa sauti ya matanga.
Sikumsahihisha. Mia tatu ni mia tatu.

Upana mita moja, kina mita moja,
kimo: mama akiwa amesimama, na kilemba, na shubiri juu.
Stoo ya nyuma, hapa Umoja, tulikoweka mitungi mibovu.
Pamba ya kioo kwanza
(inawasha! nilijikuna siku mbili kama mwenye deni),
karatasi ya fedha juu yake, kisha mbao,
ulimi ndani ya mfereji, ulimi ndani ya mfereji,
bila rangi, bila vanishi,
maana kitu kikipata joto hutoa pumzi,
na pumzi hiyo ataivuta yeye.

Barasa wa stima akaja na vibao vyake sita,
vyeusi, vyembamba kama jalada la daftari.
"Hapa hakuna moto," alisema.
"Ni miale iliyo chini ya nyekundu.
Jicho haliioni. Ngozi ndiyo huisoma."
Akavuta waya mnene kutoka kwenye mita,
na wa tatu, wa kijani, akauzika
udongoni, kando ya sukuma wiki.
"Huu usiuchezee. Nyaya nyingine zikichanganyikiwa,
huu ndio unaojua njia ya chini."

Mama Awino akachungulia juu ya ukuta:
"Mtakausha samaki?"

Jioni mama akaingia na leso mbili na chupa ya maji.
Nikaketi nje ya kioo, saa mkononi.
Dakika kumi: ananitazama
kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.
Kumi na tano: paji la uso limeng'aa.
Ishirini, na vidole vyake,
vile vilivyoshindwa na vifungo vya sweta,
vikaanza kazi juu ya paja:
kugeuza bua, kulaza bua, kuhesabu,
ishirini kila fungu, kufunga, kusukuma mbele.
Yeye mwenyewe hakujua.
Nilihesabu mafungu saba.

Hapo tokeni zikaisha.
Friji ikakohoa, ikanyamaza, nyumba ikawa giza.
Nikagonga kioo. Mama, toka, stima imekwisha.
"Niache kidogo," akasema.
"Bado liko ndani ya mbao."

Moto huzaa jivu, walisema waliotutangulia.
Wetu haukuacha kitu cha kuzolewa,
ila harufu ya mwerezi
na sauti yake gizani, taratibu, kama anayeuliza bei:
"Hivi yale maua,
yalipofika huko,
kuna mtu aliyeyanusa?"

Nikatoa simu.
Nikanunua tokeni za mia mbili.