Mita Mia Sita na Arobaini

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
nani kasema nini, nani kanyanyua mkono,
na chai ya mkutano kailipia nani.
Jioni ile ya Februari, theluji ikiteleza kiooni,
ajenda ilikuwa na jambo moja:
njia ya baiskeli, toka kanisani hadi shuleni,
mita elfu moja mia tatu na arobaini,
na chini yake swali nililolipigia mstari:
Fedha zitoke wapi?

Bogomil wa kiwanda cha mbao alisimama kwanza.
"Anayeendesha ndiye alipe. Kila baiskeli na kibao chake,
yuro ishirini kwa mwaka, kama leseni ya mbwa."
Wakacheka. Nikaandika: kicheko.
Milojka, anayetuletea barua, akauliza
kama mtoto wa miaka sita naye atakatiwa risiti,
na sisi waenda kwa miguu, tulipie soli?

Silvester wa hoteli akajitolea kulipa yote,
mradi jina lake liwe kwenye kila nguzo
na njia ipite barazani kwake, siyo shuleni.
Ukumbi ukanyamaza, ukapima.
Njia ya hisani hupinda kuelekea mlango wa mhisani.
Mtu wa nyuma akasema: tungoje Ljubljana.
Ljubljana! Daraja letu la muda
lina miaka ishirini na sita ya muda.

Milojka hakuwa ameketi.
"Wanasema mwenye nguvu mpishe. Nampisha.
Lakini lori likija, nimpishe wapi?
Kulia ukuta, kushoto mtaro.
Mwaka juzi nilimpisha hadi mtaroni,
na barua zenu zikaelea, na bili zenu, zote,
na mguu huu una chuma mpaka leo."
Akaugonga kwa funguo. Ulilia.
Sikujua namna ya kuandika mlio ule.

Karani hasemi mkutanini.
Lakini karani ndiye mwenye daftari.
Nikafungua ukurasa wa basi la shule:
watoto thelathini na mmoja, wanaoiona shule kutoka kitandani,
tunawapakia kila asubuhi kwa sababu barabara inaua.
Yuro elfu kumi na tisa kwa mwaka. Mwaka wa tisa huu.
Nikasema, sauti ikikwaruza kwa kutotumika:
"Njia tunailipia tayari. Tatizo ni kwamba hatuna njia."

Na barabara ya malori je, ilipowekwa lami?
Shangazi yangu Pavla, ambaye hajapata kushika usukani,
alilipa sawa na Bogomil. Hakuna aliyempa kibao.

Tukapiga kura saa nne usiku.
Nusu ya fedha za basi; senti za maegesho pale uwanjani;
na kila nyumba kwa kadiri yake,
yenye magurudumu manne, mawili, au fimbo tu.
Kumi na wanne kwa kumi na mmoja.
Bogomil alipinga. Nikaandika.

Fedha ziliisha Septemba, mbele ya uzio wake.
Lami nyeusi, mstari mweupe,
kisha, ghafla, nyasi.
Ožbej na wenzake hushuka hapo, husukuma
kando ya magogo, huku matairi yakiokota maganda ya mbao.
Jumamosi moja magogo yakasogea nusu mita ndani.
Hakuna aliyeyasogeza, ukimuuliza yeye;
baani bado anasema ule ulikuwa wizi wa mchana.
Hilo sikuliandika. Halikusemwa kikaoni.

Niliyoandika, ukurasa wa mwisho, kwa wino wa bluu:
Imejengwa: mita mia saba.
Deni: mita mia sita na arobaini.
Mdaiwa:
nikatafuta neno la kiofisi, nikalikosa,
nikaandika sisi.